Pesa Zake Zilienda Wapi?

Kuna swali ambalo sisi Wakenya huliuliza haraka kuliko pole. Msanii mkongwe akilazwa hospitalini, bango lake huanza kuzunguka kwenye simu: picha moja ya zamani akiwa jukwaani, nyingine ya juzi akiwa kitandani, chini yake nambari ya paybill. Ujumbe wa kwanza kwenye grupu huwa emoji za kulia. Wa pili huwa "lejendi." Wa tatu, karibu kila mara, ni huu: kwani pesa zake zilienda wapi?

Nimelisoma swali hilo kwenye grupu ya familia, kwenye grupu ya watu tuliosoma pamoja, hata kwenye grupu ya wapangaji ambayo kazi yake ni kulalamikia maji. Anayeuliza si lazima awe mtu mbaya. Wengine huuliza na bado wanatuma mia mbili. Lakini swali lenyewe lina dhana ndani yake, na hiyo dhana ndiyo inanisumbua. Linachukulia kwamba huyu mtu alishalipwa. Sisi hatuna deni naye. Tukimpa kitu sasa, tunampa kwa huruma, na mwenye huruma ana haki ya kuuliza maswali.

Kwa hivyo kabla ya kujibu pesa zake zilienda wapi, nataka kuuliza ile mia mbili ni nini hasa. Ni sadaka, au ni malipo yaliyochelewa?

Angalia kwanza majina ya watu waliofia Nairobi. Fundi Konde alifariki hapa mwaka 2000. Huyu ni mtu aliyezaliwa Pwani mwaka 1924, akapiga gitaa mbele ya askari wa Kiafrika waliopelekwa Burma kwenye Vita vya Pili vya Dunia, kisha akarudi na kurekodi nyimbo kama "Tausi" ambazo nyanya zetu wanazijua na sisi tunadhani ni za bendi za hotelini. Mwaka uliofuata, Februari 2001, akafuata Fadhili William, sauti ya kwanza kuirekodi "Malaika." Julai 2003 akaenda Wahome Mutahi, aliyewafanya Wakenya wasome gazeti la Jumapili kuanzia nyuma kwa sababu ya safu yake ya Whispers, na aliyepeleka michezo ya kuigiza kwenye baa ili watu waone tamthilia wakiwa na chupa mkononi. Julai 2015 ikawa zamu ya Benson Wanjau, yaani Mzee Ojwang'. Oktoba 2016, Achieng' Abura. Oktoba 2018, Joseph Kamaru. Julai 2020, Charles Bukeko, yaani Papa Shirandula.

Hawa watu hawakufanana kwa lugha, kwa umri wala kwa mfuko. Kilichowaunganisha ni jiji. Studio zilikuwa hapa. Redio na runinga zilikuwa hapa. Kenya National Theatre iko hapa, na River Road pale chini ndipo kanda zilirekodiwa, zikauzwa, na zikaibwa. Ukitaka kuimba au kuchekesha kwa riziki, ulikuwa unapanda basi kuja Nairobi. Kisha mwili ukichoka, hospitali kubwa nazo ziko hapa. Jiji lililokupa kazi ndilo linakupa kitanda cha mwisho, na kwa kawaida baada ya hapo gari linageuza kuelekea nyumbani: Nyeri, Murang'a, Busia. Nairobi imeshazoea hivyo. Inakaa na mtu miaka arobaini, inacheka naye, halafu inakabidhi mwili kwa familia mashambani pamoja na risiti.

Mzee Ojwang' alizikwa Lang'ata, jijini. Nimekuwa nikimfikiria sana kwa sababu nyingine pia. Benson Wanjau alikuwa Mkikuyu. Mzee Ojwang' alikuwa mzee wa Kijaluo mwenye ndevu, kofia, na Kiswahili kilichopigwa pasi kwa lafudhi ya ziwani. Kwa miaka mingi kwenye Vitimbi alisimama mbele ya Mama Kayai na kuwachekesha watu wa kila kabila, na wengi wetu tulikua bila kujua jina lake halisi. Nchi ambayo inaweza kumtambua mtu kwa jina la pili kwenye kitambulisho na kuamua kama itamkopesha kiberiti, ilikubali kwamba Wanjau ni Ojwang', na haikuuliza zaidi. Hicho si kitu kidogo. Sijui wizara gani imewahi kufanya kazi hiyo kwa bajeti yoyote.

Miaka michache kabla ya kufa kwake, macho yalimsumbua, na Wakenya wakachanga ili atibiwe. Watu walitoa kwa moyo. Na swali likaja vilevile: mtu amekuwa kwenye TV maisha yake yote, pesa zake zilienda wapi?

Jibu la kwanza ni la hesabu. Kuonekana na kulipwa ni vitu viwili tofauti. Waigizaji wengi wa kizazi hicho wamesema hadharani kwamba walilipwa kwa kipindi, na kwamba kilikuwa kidogo. Hakukuwa na pensheni. Kipindi kikirudiwa, anayerudia ndiye anayejaza muda wake wa hewani. Sheria yetu ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inasema kazi iliyoagizwa na mtu, au iliyofanywa ndani ya ajira, haki yake kwa kawaida huenda kwa aliyeagiza au kwa mwajiri, isipokuwa mkataba useme vingine. Mikataba ya wakati ule ilisema nini, na nani alikuwa na wakili wa kumsomea? Kwa hivyo sura yake ilikuwa sebuleni kwako kila wiki, na wewe ukahesabu kwamba mtu anayefika sebule milioni moja lazima awe na pesa za sebule milioni moja. Hesabu hiyo haikupitia mfukoni mwake.

Kwa wanamuziki mambo ni tofauti kidogo, na kwa maoni yangu ni mabaya zaidi, kwa sababu hapo sheria iko upande wao. Aliyetunga wimbo anaumiliki maisha yake yote, na warithi wake wanaumiliki miaka 50 baada ya mwaka aliokufa. Maana yake, tungo za Fundi Konde zina mwenyewe mpaka mwisho wa 2050. Za Kamaru, mpaka mwisho wa 2068. Kila baa inayopiga zilizopendwa Ijumaa, kila hoteli yenye bendi, kila matatu yenye spika kubwa kuliko injini, kwa mujibu wa sheria kuna shilingi fulani inatakiwa kutembea kutoka pale hadi kwa mtunzi au watoto wake. Mwaka 2019 wasanii walipopata mgao wa mirabaha wa kama shilingi 2,500 kila mmoja, mitandao iliwaka moto. Hiyo ni pesa ya kujaza gesi ukabakiwa na chenji. Kwa hiyo ukiniuliza pesa za mwanamuziki mkongwe zilienda wapi, sehemu yake naweza kukuonyesha. Iko kwenye ile keki tuliyokula tukicheza wimbo wake harusini.

Mpaka hapo nilidhani nimemaliza hoja. Tunadaiwa, kwa sababu tunaendelea kutumia kazi yao baada ya wao kuacha kulipwa. Rahisi. Nikaenda kumweleza mjomba wangu.

Mjomba ni fundi wa mawe. Amejenga Nairobi hii tangu Kayole ikiwa vumbi tupu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akachokonoa jino, akasema, "Sawa mpwa. Sasa niambie. Zile ghorofa nimejenga Pipeline, watu bado wanalala ndani?"

Nikasema ndio, mjomba.

"Mwenye ploti anachukua kodi kila mwezi?"

Anachukua.

"Mimi nililipwa mara ngapi?"

Mara moja. Kwa siku, kwa kweli, kila jioni, na siku ambazo saruji haikufika hakulipwa.

"Na mgongo wangu umeisha. Nikilazwa kesho, utanitengenezea bango? Nani atatuma? Watu wa Pipeline?" Akacheka, lakini si sana. "Huyo Ojwang' wako nilimpenda. Nilimtumia kitu. Lakini usiniambie ati yeye anadai na mimi sidai. Sote tuliuza siku zetu."

Nilirudi nyumbani nikiwa sina hoja. Kwa sababu mjomba alikuwa ameipiga pale penye ufa. Kama sababu ya deni ni kwamba kazi inaendelea kutumika, basi nyumba inatumika kuliko wimbo. Hakuna anayelala ndani ya "Malaika." Na kama sababu ni kwamba walitupa furaha, basi kuna mama anayeuza chapati kwenye kona yetu ambaye amenipa furaha nyingi kuliko vipindi vyote vya KBC, na nikimlipa ishirini yangu nahisi tumemalizana. Kwa nini msanii awe na deni lisiloisha na mwashi awe ameshalipwa?

Jibu la uvivu ni kusema msanii ana kipaji, na kipaji ni cha kipekee. Silikubali. Nimeona mjomba akisimamisha ukuta bila mashine, kwa uzi na macho tu, ukasimama wima kama askari kwenye gwaride. Hicho nacho ni kipaji. Hatuwezi kujenga haki juu ya nani tulimpigia makofi.

Nadhani tatizo langu lilikuwa neno lenyewe. Nilikuwa nasema "deni" kana kwamba ni kitu kimoja, kumbe ndani yake kuna madeni matatu, na kila moja lina mdai wake na mdaiwa wake.

La kwanza ni deni la ujira. Hili ni la pesa, na linahesabika. Palipo na sheria au mkataba unaosema fulani alipwe, na hajalipwa, hiyo si sadaka hata kidogo. Mtunzi wa wimbo anadai hivi. Na mjomba anadai hivihivi kwa mkandarasi mmoja aliyemkimbia na mshahara wa wiki mbili. Deni hili halijali tabia ya mdai. Hapa ndipo swali la "pesa zake zilienda wapi" linaonekana lilivyo geni. Hebu fikiria bosi wako akatae kukulipa mwisho wa mwezi kwa sababu amesikia wewe hupenda raha Ijumaa. Utamwambia nini? Waswahili walishasema dawa ya deni ni kulipa. Hawakusema dawa ya deni ni kumchunguza anayekudai.

La pili ni deni la kila mtu kwa kila mtu, na hili ndilo mjomba alikuwa anaongelea. Mtu anayeuza siku zake, awe anaimba, anajenga, anachekesha au anakaanga, huzeeka bila ukuta nyuma yake. Hana pensheni. Bima ya afya nayo imetengenezwa kwa mtu mwenye payslip. Mfumo mpya ulioanza Oktoba 2024 unamkata mwenye mshahara asilimia 2.75 kila mwezi bila yeye kuinua kidole. Asiye na mshahara anatakiwa kulipa si chini ya shilingi 300 kwa mwezi, ila anaombwa alipe ya mwaka mzima kwa mpigo. Mtu wa kulipwa kwa siku anaambiwa alipe kwa mwaka! Kwa hivyo mcheshi akifika kaunta ya hospitali akiwa mtupu, hajafika pale peke yake. Amesimama kwenye foleni ndefu sana, na tofauti yake na wengine ni kwamba sura yake tunaijua.

Hii ilinibadilishia namna ya kuliona lile bango. Nilikuwa nimelichukulia kama upendeleo kwa watu maarufu, na mjomba ana haki ya kulionea wivu. Lakini umaarufu haumpi Ojwang' haki ambayo mjomba hana. Unafanya tu haki yake ionekane. Bango la msanii ni dirisha dogo kwenye nyumba kubwa yenye giza. Kosa letu ni kufikiri kwamba tukishamsaidia yule tuliyemwona dirishani, nyumba imepata umeme.

La tatu ni deni la shukrani. Hili halihesabiki, na nadhani ndilo tunalolichanganya zaidi na mengine. Kuna vitu watu hawa walitupa ambavyo havina bei kwa sababu vimekuwa sehemu yetu. Papa Shirandula alikuwa soja wa getini aliyemficha mkewe kazi yake, akimwacha aamini ana kazi ya ofisi mjini. Tulicheka kwa sababu kila mmoja wetu ana mtu wa hivyo, au ni mtu wa hivyo. Nina rafiki anayeendesha bodaboda na kwao wanajua yuko "kwa kampuni ya usafirishaji." Akisema hivyo sisi humwita Papa, naye hucheka, na ile aibu inapungua uzito. Utamlipa Bukeko shilingi ngapi kwa hicho? Huwezi. Na hata ukimlipa milioni, bado utakuwa umeathiriwa naye. Shukrani haiishi kwa kulipwa.

Sasa angalia tunavyocheza na haya madeni matatu. Lile la ujira tunalilipa kwa shukrani: hatulipi mrabaha, tunamwita lejendi. Lile la shukrani tunalilipa kwa shilingi: tunatuma hamsini, tunahisi tumemalizana, na tunajiona tuna haki ya kuuliza risiti. Lile la kila mtu kwa kila mtu hatuligusi kabisa, kwa sababu halina bango.

Na kuna gharama ambayo anayepokea analipa tukikosea jina la kitu tunachompa. Anayepokea sadaka lazima afanane na sadaka. Lazima apigwe picha akiwa kitandani, macho yameingia ndani, ndipo tuamini. Achieng' Abura, mwanamke mwenye sauti iliyojaza ukumbi na ambaye kizazi changu kilimwona akiwa mwalimu mkuu wa Tusker Project Fame, alipopungua mwili watu hawakumpa nafasi. Walijadili mwili wake mitandaoni kana kwamba ni wa umma. Ukimchukulia mtu kama mtu wa kusaidiwa, unaanza kudhani mpaka kilo zake zinakuhusu. Ukimchukulia kama mtu unayemdai au anayekudai, kuna adabu fulani inaingia. Tunaongea kuhusu kiasi na tarehe, na mwili wake unabaki wake.

Nakubali kuna kesi ngumu. Tuseme huyu msanii alilipwa, tena vizuri, na akazitumia zote kwa pombe na magari na marafiki waliopotea siku gari lilipouzwa. Wapo. Kwake deni la ujira limelipwa, na sitasema uongo kumtetea. Lakini hata hapo, swali la pesa zake zilienda wapi linafaa kuulizwa na watu wachache: mkewe, watoto wake, pengine meneja wake. Mimi niliyekuwa naangalia TV bure kwa jirani, kupitia dirishani, sina kiti kwenye mkutano huo. Kilichobaki kwangu ni shukrani, na shukrani haina masharti ya matumizi. Ukiona kwamba huwezi kutuma, usitume. Hakuna aliyekushika. Ila kutotuma na kuhukumu ni vitu viwili, na cha pili si cha lazima.

Kuna kesi nyingine ngumu: vipi kama hatujui mdai ni nani? "Malaika" ni mfano wa kuumiza kichwa. Fadhili William aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kwa maisha yake yote alisema ni wake. Adam Salim kutoka Tanzania alisema aliutunga yeye, kabla ya hapo kwa miaka mingi. Wengine pia wametajwa. Wakati ubishi huo unaendelea, Miriam Makeba aliuimba, Harry Belafonte akauimba, Boney M. wakauimba, Angélique Kidjo akauimba. Wimbo wa kijana anayelia kwamba hana pesa za kumwoa mpenzi wake umezunguka dunia na kutengeneza pesa kila uliposhuka. Mtu anaweza kusema: basi, kama mwenyewe hajulikani, hatudaiwi. Hapana. Ukiokota pochi yenye vitambulisho viwili ndani, haigeuki kuwa yako. Ubishi kuhusu mdai haufuti deni. Unachoonyesha ni kwamba kuandika ni sehemu ya haki. Nani alitunga, nani alipiga gitaa, nani alisaini nini, mwaka gani: hayo yakikosa kuandikwa, mwenye studio ndiye anayebaki na kumbukumbu, na kumbukumbu ya mwenye studio humkumbuka mwenye studio.

Ndiyo maana nikifikiria kulipa deni, mfano unaonijia ni wa Joseph Kamaru. Alikuja Nairobi akiwa kijana, akafanya kazi kwenye nyumba za watu kabla gitaa halijaanza kumlisha, akawa sauti ambayo Wakikuyu walimgeukia kuhusu ndoa, adabu na siasa. Aliimba kuhusu mauaji ya J.M. Kariuki wakati ambapo watu walilitaja jina hilo kwa kunong'ona. Ana mjukuu mwenye jina lake kamili, Joseph Kamaru, ambaye dunia inamjua kama KMRU, mwanamuziki wa sauti za kielektroniki. Muziki wao haufanani hata kidogo. Lakini mjukuu alichukua kanda za babu, akaanza kuzisafisha na kuzitoa upya mtandaoni, zikiwa na majina na zikiuzwa kihalali. Hiyo kazi inalipa madeni mawili kwa mkono mmoja. Ni shukrani, na ni uhasibu.

Wengi wetu hatuna babu wa namna hiyo. Lakini tuna watu ambao bado wako hai, na hapa ndipo nadhani tunaweza kuacha kuomboleza kidogo. Bukeko alifariki siku ya Jumamosi na Jumatatu alikuwa ameshazikwa Busia, kwa sababu ya masharti ya korona, maafisa wakiwa wamevaa yale mavazi meupe. Hatukupata matanga marefu, wala kamati, wala usiku wa kuchanga pale mjini. Wengi waliudhika na ile haraka, na mimi nilikuwa mmoja wao. Baadaye nilijiuliza tulikuwa tumenyimwa nini hasa. Nikaona kwamba tulikuwa tumenyimwa nafasi ya kufanya kwa siku kumi kile ambacho hatukufanya kwa miaka kumi. Matanga yetu ni ya kweli, siyadharau. Lakini yana ujanja wake: yanatupa hisia kwamba tulikuwepo.

Kuwepo ni jambo la kuchosha na la bei ndogo. Ni kununua tiketi ya mchezo badala ya kumtumia mwigizaji ujumbe wa kuomba tiketi ya bure kwa sababu mlikuwa darasa moja. Ni kumlipa MC wa harusi yako deposit kabla, na salio usiku uleule, sio "nitakucheki Monday." Ni mwenye baa kulipia leseni ya muziki, na sisi kuwauliza kwa kelele wanaokusanya pesa hiyo inafika wapi. Hilo ndilo swali la pesa lililo halali, na kwa ajabu ndilo tunaloliuliza mara chache zaidi. Ni mcheshi chipukizi kusoma mkataba kabla ya kusaini, hata kama aliyemwitia kazi ni buda yake. Ni bunge kutengeneza bima inayoelewa kwamba kuna watu hulipwa kwa siku. Na bango likija, kwa sababu litakuja, ni kutuma ulichonacho na kunyamaza.

Nimerudi kwa mjomba mara kadhaa tangu siku ile. Hajabadilisha msimamo, na sasa sitaki abadilishe. Wiki iliyopita aliniambia mgongo umeanza kumzuia kuinama, kwa hivyo anapewa tu kazi ya kusimamia vijana, nusu malipo. Tulipita pamoja kwenye jengo moja aliloshika mwiko miaka mingi nyuma. Nguo zilikuwa zimeanikwa kila ghorofa, redio ilikuwa inalia mahali fulani juu, watoto wakiteremka ngazi mbio. Alisimama akalitazama kutoka chini mpaka juu, akagusa ukuta kwa kiganja.

"Haujapasuka," akasema.

Wimbo uliokuwa redioni una mwenyewe, na ukitaka unaweza kumtafuta, hata kama ni mtoto wake. Ukuta ule nao ulikuwa na mwenyewe amesimama mbele yangu, na sijui bado ni ofisi gani nitampeleka.